Majarida Mia Moja Thelathini na Mawili

Kona ya juu ya ukurasa ilikuwa imelowa.

Masijala aliipapasa tena kwa kidole gumba, akaona si jasho lake. Nailoni ya jarida lile alikuwa ameichana mwenyewe dakika ile ile, bado iko mapajani pake, na tangu litoke dukani hakuna mkono uliokuwa umelifungua. Lakini kona ya ukurasa wa tatu ilikuwa na unyevu, na wa nne, na wa tano, kama kurasa zilizopitiwa na mtu mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua.

Jina la Masijala alilipata kazini. Alikuwa karani wa masijala ya ofisi ya ardhi, hodari wa kupanga majalada kwa tarehe, na wenzake walimtania kwamba hata mchumba akija atampa kwanza namba ya jalada. Mchumba hakuja. Kilichokuja ni kiharusi, kikamwangusha mama yake jikoni asubuhi moja, kikamwacha hana kauli wala upande wa kulia. Ndugu wakakaa kikao. Mdogo wake alikuwa ameolewa mji wa mbali, wajomba kila mmoja na lake, basi macho yote yakamgeukia asiye na mume wala mtoto.

"Wewe ndiye mwenye nafasi," wakamwambia. Akaacha kazi.

Nafasi hiyo aliiona kwa miaka kumi na moja. Kugeuza, kuogesha, kulisha kwa kijiko, kuchua mguu uliokufa kwa dawa ya kuchua ambayo harufu yake kali iliingia mpaka ndani ya mito. Mama alipotaka kitu aligonga ukuta kwa mkono wa kushoto, ngo, ngo, ngo, naye Masijala aliacha alichoshika akaenda. Anasa yake ilikuwa moja, jarida la akina mama lililotoka kila mwisho wa mwezi. Alilinunua, akalirundika juu ya wenzake katika pembe ya chumba cha mama, akisema atalisoma siku akitulia. Siku mama anazikwa rundo lilikuwa limefika mia moja thelathini na mawili, na kila aliyeingia mle alijua kwamba hayajasomwa.

Wiki sita baada ya maziko alivuta kiti hadi dirishani mwa chumba kile, penye mwanga mzuri, akaanza na la kwanza. Kila alasiri jarida moja. Mitindo yenyewe ilikwisha kupitwa na wakati, na wale maharusi wa kwenye jalada huenda walikwisha kuachana, lakini hakujali. Ilikuwa zamu yake.

Unyevu wa kona akausingizia mvua. Siku ya nne alifika kwenye ukurasa wa chemshabongo, akakuta visanduku vimejazwa kwa penseli. Alisoma kutoka kushoto kwenda kulia. MAJI. Akasoma kutoka juu kwenda chini. MAJI. Ukurasa mzima ulikuwa na neno lile moja, herufi zikiwa zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Mwingine angekimbia. Yeye alishikwa na hasira.

"Kama ni wewe, mama, pumzika," alisema kwa sauti ya chini. "Na kama si wewe, basi sina kazi na wewe. Nimehudumia vya kutosha katika nyumba hii. Hata jarida siachiwi?"

Akafunua ukurasa. Nyuma ya kiti chake, karibu na kisogo, akasikia mlio mdogo wa ulimi ukigusa kidole, kisha mlio wa ukurasa mwingine ukifunuliwa. Akafunua tena. Nao ukafunuliwa. Harufu ya dawa ya kuchua, ambayo alikuwa ameisugua sakafuni kwa siku tatu mpaka ikaisha, ikaja taratibu, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, ya karatasi iliyooza majini. Hakugeuka. Alisoma mpaka mwisho, akafunga, akatoka, akaufunga mlango kwa ufunguo. Kesho yake akarudi. Uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko woga.

Siku ya tisa akaja mdogo wake, na sanduku la magurudumu.

"Dada! Umekonda!" alisema mlangoni, machozi tayari. Huyu ndiye aliyelia kuliko wote mazikoni, mpaka akashikwa na wanawake wanne. "Nimekuja nikupumzishe, japo wiki. Tutapanga nguo za mama pamoja."

"Kunipumzisha sasa?"

"Usianze, dada. Watoto walikuwa wadogo, unajua."

"Watoto wako walikuwa wadogo miaka kumi na moja. Hao ni watoto au ni mbilikimo?"

Mdogo mtu akacheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Baada ya chakula alipotea ndani, na Masijala alipokuwa akisuuza vyombo akamsikia akisema kwa furaha, "Bado unayo haya? Ngoja nisome moja!" Aliacha maji yanatiririka, akakimbilia chumbani.

Alichelewa. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani na jarida la kumi mkononi. Akalamba kidole. Akafunua.

"Hili nitalisoma kesho," alisoma kwa sauti.

Masijala akaganda. Midomo ilikuwa ya mdogo wake, ila sauti haikuwa yake, wala haikuwa ya mama. Ilikuwa sauti yake yeye Masijala, ile ya chini, ya mtu anayezungumza peke yake akidhani hakuna anayesikia.

"Hili nitalisoma Jumapili. Hili nalo siwezi, mgongo unaniuma. Hili nalo."

Macho ya mdogo wake hayakuwa yakitazama ukurasa. Yalimtazama yeye, wazi, bila kupepesa, huku mkono ukimaliza jarida, ukiliangusha, ukichukua jingine kwa mpangilio wa tarehe bila kukosea hata moja, na kinywa kikitoa maneno ambayo Masijala aliyatambua moja baada ya jingine, kwa sababu yalikuwa ndiyo maneno aliyoyanong'ona mwezi baada ya mwezi kila alipoinama kuweka jarida jipya juu ya rundo, akiwa ameupa mgongo ule mwili uliolala kitandani nyuma yake.

"Nimechoka," alisoma. "Wamenitupia mzigo wakaenda zao." Likaanguka jarida. "Nani atanioa mimi ninanuka dawa?" Likaanguka jingine. "Laiti ungekufa palepale jikoni."

"Mdogo wangu, nyamaza," Masijala alimwomba, akimtikisa mabega. Mabega yalikuwa baridi kama chuma cha kitanda. "Nyamaza, watu watasikia."

"Hili nalo. Utakufa lini, mama?"

Jua likazama, likachomoza, na usomaji haukukatika. Midomo ya mdogo mtu ilipasuka ikatoka damu. Masijala alimletea kikombe cha maji, lakini kila kilipokaribia, meno yalifungwa kwa nguvu mpaka yakasaga, na kikombe kikiondolewa tu sauti ikaendelea palepale ilipoishia. Na kilichomtisha Masijala zaidi ya damu, zaidi ya macho yasiyopepesa, zaidi hata ya harufu ile iliyokuwa sasa imejaa nyumba nzima hata ukawa unaionja ulimini, ni kwamba rundo lilikuwa likipungua, na alijua, yeye peke yake duniani alijua, ni nini kiliandamana na jarida la mwisho. Yalipobaki thelathini alilichomoa lile la juu kabisa, la mwezi wa mwisho, akalificha chini ya godoro lake. Ndipo akaenda kumwita mkunga wa mtaa.

Mkunga alikuwa amestaafu hospitali, ila hakustaafu ile kazi yake nyingine. Aliingia na kichetezo, ubani na kanga moja begani, akasimama mlangoni akivuta hewa puani kama mama anayekagua chungu.

"Watoto wasiotaka kutoka nimewatoa maelfu," alisema. "Jini naye ni hivyo hivyo. Ila mtoto akikaa vibaya huvuti. Kwanza unamgeuza." Akamwangalia Masijala. "Amesoma mangapi?"

"Yote, bibi. Yameisha."

Kitini, mdogo mtu alikuwa amenyamaza. Mikono ilikuwa mapajani, mitupu, vidole vikifunua hewa.

"Lipo moja," alisema kwa sauti ile ile ya Masijala.

Mkunga akatia ubani. Moshi ulipanda, ukafika karibu na kiti, ukapinda ukazunguka, haukutaka kumgusa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni msikilizaji."

"Nani alikuingiza nyumba hii?"

"Sikuingizwa. Niliitwa. Mara mia moja thelathini na moja niliitwa, kila mwezi, kwa sauti ndogo. Aliomba kifo. Nikaja kuangalia nani anaomba hivyo."

"Sasa toka."

"Lipo moja," kilisema, na kikacheka, na damu ikatiririka kidevuni mwa mdogo mtu. "Hilo hakulinong'ona. Hilo alilisoma."

Mkunga akaweka kichetezo chini. Akamshika Masijala mkono, akamvuta hadi mlangoni, akanong'ona, "Mwanangu, nilikuuliza, ukaniambia yameisha. Uongo ukiwa chumbani, mimi sina mahali pa kushika. Huyu mtoto hajanywa maji tangu jana. Akikesha hivi leo, kesho utakuwa na msiba mwingine."

"Nikisema, mdogo wangu atasikia."

"Ndiyo. Atasikia."

Masijala akaenda chumbani kwake, akarudi na jarida, akapiga magoti mbele ya kiti. Maneno yalimtoka yakikwama, kama mtu anayevua miiba.

"Siku ile nilikuwa sebuleni. Nililinunua asubuhi. Nikasema leo, leo tu, nisome japo hadithi moja. Mama akagonga ukuta. Nilijua ni maji, saa zile siku zote huwa ni maji. Nikasema, ngoja nimalize ukurasa. Akagonga tena. Nikafunua ukurasa mwingine. Kurasa nne. Aligonga, akagonga, halafu akaacha. Alipoacha nilifurahi. Nikasema, afadhali, amelala. Nikamaliza hadithi. Nilipoingia, mkono wake ulikuwa bado ukutani."

Mwili wa mdogo wake ukajikunja, ukanyooka kama upinde uliokatwa kamba, na kutoka kinywani mwake kikatoka kishindo cha pumzi ndefu yenye ubaridi wa kisima, ikapita juu ya kichwa cha Masijala, ikayapeperusha majarida yote sakafuni kurasa zikifunuka zenyewe kwa kasi, tena na tena, ikagonga dirisha, dirisha likafunguka, na harufu ikatoka nayo kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa.

Mdogo mtu akaanguka mikononi mwa mkunga. Akanywa jagi zima bila kupumzika. Alipomaliza akajifuta damu kwa kiganja, akamtazama dada yake kwa macho yake mwenyewe.

"Kurasa nne?"

"Nne."

"Mama anakufa kwa kiu na wewe unasoma hadithi za mapenzi?"

Masijala bado alikuwa amepiga magoti. Akainua uso.

"Na wewe miaka kumi na moja ulikuwa unasoma nini?"

Mdogo mtu alikusanya vitu vyake, sanduku likamshinda kufunga, akalibeba hivyo hivyo mkono wa gauni ukining'inia nje. Mlangoni alisema bila kugeuka, "Usinipigie simu, dada." Magurudumu yakasikika mpaka kona ya barabara, kisha hayakusikika.

Majarida waliyachoma uani jioni ile ndani ya pipa la bati, mkunga akikoroga kwa fimbo. Karatasi za kung'aa zinaungua vibaya, zinatoa moshi wa kijani. Yalipokuwa majivu, mkunga alifunga kanga yake.

"Kimetoka, na kimetoka kweli," alisema. "Ila nisikilize. Usikiite. Hata kwa mzaha. Kilichotolewa kikiitwa na mwenyewe, hakina wa kukitoa tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

Nyumba ikawa safi. Masijala alifungua madirisha yote, akaanika godoro la mama, akapaka chumba rangi nyeupe kwa mkono wake. Simu haikulia. Alimpigia mdogo wake mara mbili, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu alipokea shemeji yake, akasema kwa adabu kwamba mwenzake amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Habari ikatangulia mbele yake mtaani, hakujua imepitia mdomo wa nani. Majirani waliokuwa wakija na bakuli wakaacha kuja. Ofisini walimwambia nafasi yake ilikwisha kujazwa.

Alasiri moja, mwezi wa tatu tangu moto ule, alisimama katikati ya chumba kile cheupe. Kuta hazikuwa na kitu. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu, wala jana, na alipojaribu kukumbuka juzi hakupata mtu pia. Kilichowahi kumsikiliza miaka yote kumi na moja kilikuwa kimoja tu.

"Upo?" aliuliza.

Akasubiri mpaka mwanga wa dirishani ukasogea kutoka sakafuni hadi ukutani. Akawa anageuka kutoka.

Nyuma yake, kwenye pembe iliyo tupu, kitu kikakohoa kidogo, kama mtu anayelainisha koo kabla ya kuanza kusoma.

Masijala akarudi ndani, akaufunga mlango, akavuta kiti.