Nafasi Iliyokataliwa kwa Simu

Mwizi hakuvunja mlango wala dirisha. Alipiga simu tu, na nafasi ya shule ya mtoto wa miaka saba ikatoweka.

Mama wa mtoto, mshonaji wa nguo, alisimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi.

"Afande, nimeibiwa. Mwanangu hasikii vizuri. Tumengoja nafasi ya darasa maalumu mwaka mzima. Juzi nikaambiwa imepatikana. Leo napiga simu kuikubali, naambiwa nimeshaikataa!"

Askari wa zamu aliguna. Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa jinsi asivyokurupuka, alichukua kofia yake.

"Mtu amejifanya wewe. Hilo ni kosa. Twende."

Ofisi ya udahili ilinuka chaki na rangi mpya. Karani, mama wa makamo, aliwapa viti.

"Orodha ya kungoja inakwendaje?" Inspekta aliuliza. "Wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kuingia?"

"Laiti ingekuwa hivyo! Tunaangalia mahitaji ya mtoto kwanza, halafu kama ana ndugu hapa. Tarehe ya maombi ni mwisho kabisa. Leo akija mwenye hali ngumu zaidi, aliyekuwa wa kwanza anakuwa wa pili. Hapo wazazi huona tumekula rushwa."

"Na mtu akikataa?"

"Nafasi inakwenda kwa anayefuata, siku hiyohiyo. Vitanda vya bweni vyenyewe ni kumi."

"Nani alifuata?"

"Binti wa fundi bomba. Ameshahamia."

Fundi bomba walimkuta kazini, matope hadi magotini.

"Ulijua nani yuko mbele yako?"

"Ningejuaje? Hutuambia nambari tu. Nilikuwa wa kwanza, nikashuka, nikapanda tena. Waliponipigia nililia, mtu mzima mimi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kama ni haki ya mwenzangu, afande, sema. Nitamtoa binti yangu, hata moyo ukiniuma."

Inspekta alimwamini. Mwizi hakimbilii kurudisha.

Alirudi kwa karani. "Mpigaji alisema nini? Neno kwa neno."

"Alitaja tarehe ya kuzaliwa bila kusita. Sauti ilikuwa nzito, nikadhani mafua. Akasema, 'Kidege hatakuja, mpeni mwingine.'"

Mshonaji aliinua kichwa ghafla. "Kidege?"

"Nani humwita hivyo?"

"Ni jina la nyumbani tu."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi, yeye, na mama mkwe wangu."

Kampuni ya simu ilithibitisha kuwa simu ilitoka mapokezi ya kliniki ya macho. Mhudumu wa pale alikumbuka vizuri. "Bibi mmoja aliniomba nimbonyezee nambari. Haoni."

Mama mkwe walimkuta sebuleni, ameketi kando ya cherehani.

"Bibi, jana ulikwenda kliniki?"

"Nilikwenda."

"Ulipiga simu shuleni?"

Vidole vyake vilipapasa ukingo wa kiti.

"Nilipiga. Msimsumbue mtu mwingine. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Mwanangu alikufa, macho yangu nayo yakamfuata. Mtoto huyu hunishika mkono hadi dukani, hunisomea vichupa vya dawa. Mlango ukigongwa, mimi humgusa bega ajue. Yeye ndiye macho yangu, mimi ni masikio yake. Nikasikia macho yangu yanakwenda kulala bweni." Alimgeukia mkwewe. "Niliogopa, mwanangu. Woga ukanifanya nimwibie mjukuu wangu mwenyewe."

Inspekta alimgeukia mshonaji. "Ukitaka, nafungua jalada."

"Mume wangu alipokufa, ndugu zake walinitolea vyombo nje. Nani alivirudisha ndani kimoja kimoja? Huyu. Nani alimfundisha mwanangu kusema kwa mikono, kabla hata daktari hajajua ana nini? Huyu. Nimshitaki kwa mdomo gani, afande?" Alipiga magoti mbele ya kiti cha mkwewe. "Mama, ungeniambia tu."

Inspekta alitoka uani, akampigia mwalimu mkuu. Aliporudi, alikuwa na jibu.

"Anasema kosa ni lao pia. Walipaswa kukupigia wewe kuhakikisha. Wataongeza kitanda, na binti wa fundi habanduki."

"Mungu awalipe," mshonaji alisema, akarudia, machozi yakimtiririka. "Na wewe, afande. Wengine wangenicheka."

Mtoto alikuwa ameingia. Bibi alimvuta karibu, akamweleza yote kwa mikono, polepole, bila kujificha. Mtoto alitazama hadi mwisho. Kisha, kwa kuwa bibi hangeona jibu, alimwandikia kwa kidole kiganjani.

"Anasemaje?" Inspekta aliuliza.

"Anauliza nani atanisomea vichupa vya dawa."

"Mwambie mimi," mshonaji alisema. "Na kila Jumamosi tutakwenda kumwona, mimi na wewe."