Ubeti wa Baba Haukatwi

Kila asubuhi fundi cherehani hushona huku akiimba. Sauti kairithi kwa baba yake, mwashi mstaafu. Juzi wamerekodi wimbo pamoja, dakika sita. Ubeti wa mwisho ni wa baba. Wiki ijayo anapasuliwa koo, na daktari amesema huenda asiimbe tena. Wanataka ndugu walio mbali wausikie kwenye tovuti ya muziki.

Tovuti ikaukataa. Faili lilikuwa na MB 62, na mwisho unaoruhusiwa ni MB 30.

Kaka yake, anayeitwa Gitaa, akafuta herufi WAV kwenye jina la faili, akaandika MP3. Likakataliwa tena.

Wakampigia kijana wa studio aliyewarekodi. Akacheka kwanza.

"Kateni ubeti wa mzee," akasema. "Mwenyewe anakohoa humo."

Fundi akasimamisha cherehani. "Ulitupatia faili, hukutueleza ni la aina gani. Tunauliza, unacheka. Sasa unataka nimkate baba yangu kama kitambaa kilichozidi?"

Kijana akakata simu. Watu wa namna hii wako kila mahali. Anajua jambo dogo tu, na hilo dogo analikalia.

Jirani yao, Mama Redio, hutengeneza redio na kompyuta. Ugomvi wote aliusikia kupitia ukuta. Akaja.

"Gitaa mwanangu, gauni la mtu mzima ukilishonea lebo ya mtoto, litapungua?"

"Halipungui, mama."

"Basi ndicho ulichofanya. WAV hubeba sauti yote, ndiyo maana ni nzito. MP3 huacha yale ambayo sikio halitambui sana. Lakini kubadili jina hakutoshi. Lazima programu iligeuze faili lenyewe."

Akalirudishia faili jina lake, akalifungua kwenye programu ya bure, akachagua MP3, ubora kbps 320.

"Namba hii ukiishusha mno, faili litakuwa dogo lakini sauti itaharibika."

Likatoka na MB 14.

"Ile WAV msiifute, ndiyo kitambaa chenyewe. Na siku nyingine, someni masharti ya tovuti kabla ya kupakia."

Safari hii wimbo ukapokelewa. Baba akausikiliza kwenye simu, shingo kaifunga skafu, mpaka mwisho.

"Kumbe na kikohozi changu kimo," akasema.

"Kimo, baba."

"Mtumieni yule kijana. Asikilize dakika zote sita."