Umemwacha Amesimama

Mtaani walimwita Bwana Viti, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa kung'oa meno. Kutwa alikuwa amesimama akiwakalisha wenzake, na mkewe alisema ndiyo maana akirudi nyumbani hana hamu na kitu kingine. Wala si viti vyovyote. Alitaka viti vya zamani vya Denmaki na Uswidi, vile vya mbao za mtiki vyenye miguu myembamba na vikalio vilivyofumwa kwa kamba ya karatasi, vilivyoletwa na wageni miaka mingi iliyopita na kuachwa kwenye mabohari na majumba ya wazee. Akialikwa mahali, kabla hajamaliza salamu ameshapinda mgongo kutafuta muhuri wa kiwanda chini ya kiti cha mwenyeji wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na wenyeji wakacheka hata kama hawakupenda.

Nyumbani kwake ungeweza kukosa pa kukaa huku umezungukwa na viti. Hiki kimetoka kupakwa mafuta, kile kamba yake ni ya asili, usiikalie. Mkewe alizoea kunywa chai kitandani. Mama yake mzazi, alipoonyeshwa stuli ya miguu mitatu ambayo mwanawe aliitafuta mwaka mzima, aliizunguka, akaigonga kwa fimbo na kusema, "Hiki si kigoda, baba? Kigoda kimepewa pasipoti."

Mama huyo alikuwa amehamia kwao baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji ukaenda vizuri. Mtaalamu wa mazoezi alisema atatembea tena mpaka arudi nyumbani kwake, kwenye kuku wake na majirani zake, ila kwa sharti moja: akae kwenye kiti cha juu chenye mikono, ajisukume ainuke, akae, ainuke, kila siku. Na kumbe katika viti vyote vile hakikuwepo hata kimoja cha namna hiyo. Vyote vilikuwa vya chini, vya kulalia mgongo. Mama akishakaa ilibidi watu wawili wamnyanyue, na aibu ilimfanya anyamaze siku nzima. Mwanawe aliona, na ilimuuma.

Basi habari ilipomfikia kwamba kuna mjane anapunguza vyombo vya nyumba, alikwenda mchana uleule na gari lake la mizigo.

Mjane alikuwa bibi mdogo wa umbo, macho yamefifia, anayetembea kwa kugusa ukuta. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ndefu na viti sita vya aina moja. Bwana Viti aliinama, akaona muhuri, na moyo ukamwenda mbio. Vitano havikuwa na mikono. Cha sita, kilichokaa kichwani pa meza, kilikuwa nayo. Kilikuwa cha juu, imara, kamba yake haijakatika hata uzi, ila kikalio kimebonyea katikati kidogo. Kilikuwa kiti cha mama yake kabisa.

"Hivyo vitano chukua," bibi alisema. "Hicho kina mtu."

"Kimeshanunuliwa?"

"Kina mtu," alirudia, kwa upole ule ule. "Mume wangu alikula hapo, akasema ngoja nipumzike kidogo. Mwili tuliuzika. Yeye hajainuka. Hasumbui, daktari. Akiwa amekaa hana neno na mtu."

Alipozunguka kwenda jikoni alipita nyuma ya kile kiti kwa ubavu, akasema "samahani" taratibu, kama mtu anayepita kwenye ukumbi uliojaa. Bwana Viti alitabasamu. Wazee wana mambo yao. Alipakia vitano, akakipiga picha na kukipima kile cha sita kama ilivyo desturi yake, akashukuru.

Lakini mkusanyaji na seti isiyotimia ni mtu na kokoto ndani ya kiatu. Kila alipopita sebuleni aliviona vile vitano na pengo la cha sita. Kila alipomnyanyua mama yake aliikumbuka ile mikono. Akajiambia hafanyi kwa tamaa, anafanya kwa ajili ya mama, na akalisema mara nyingi mpaka likakaa vizuri mdomoni. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili ya kawaida asingelifikiria. Alimpa seremala picha na vipimo, akachongewa nakala. Akaisugua mwenyewe, akaipaka mafuta ya kitani na majani ya chai mpaka mbao ikazeeka, akafuma kamba, akaikalia jioni kadhaa ili ibonyee. Alijivunia sana. Alisema hata mtengenezaji wa kwanza angedanganyika, seuze bibi asiyeona.

Alirudi kwa mjane na kisingizio kizuri: kumtazama meno ya bandia yaliyokuwa yakimuumiza. Aliyarekebisha kweli, bila malipo. Bibi alifurahi, akaenda kuyajaribu kwa kipande cha mkate jikoni. Hapo hapo Bwana Viti akaingiza nakala na kukinyanyua kile cha asili.

Kilikuwa kizito. Anavijua viti vile, mtoto angeviinua kwa mkono mmoja, lakini hiki alikiburuta kwa mgongo na meno. Jasho lilimtoka. Alipofika mlangoni kikawa chepesi ghafla, hata akayumba na kugonga kizingiti.

Alifurahi tu. Hakujiuliza ni nini kilichopungua.

Siku za kwanza zilikuwa za baraka. Mama alikaa, akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama peke yake. Alicheka kwa sauti. "Leo ndiyo umenunua kiti, mwanangu. Vile vingine ulinunua miguu." Alifanya mazoezi asubuhi na jioni, akaanza kuhesabu kuku atakaowakuta na watakaokuwa wameibwa na majirani.

Halafu mkewe akaanza kuviona vile viti vitano vimevutwa. Si vyote kwa pamoja. Kimoja kiko mbali na meza kidogo, kama mtu alikikalia akaondoka. Anakirudisha. Akitoka kufua nguo na kurudi, kingine kimevutwa. Alidhani ni mumewe na shughuli zake. Mumewe alidhani ni yeye, amechoka kunywa chai kitandani.

Mchana, jua likiwa kali na nyumba wazi, zilisikika hatua. Sebuleni. Chumbani. Ukumbini. Zinakwenda, zinarudi. Viatu vya mtu mzima, vya kisigino. Ukichungulia huoni mtu, ila mlango unacheza kidogo kwenye bawaba.

Nyumba ikapoteza utulivu. Mke hakuweza kumaliza kukata kitunguu bila kugeuka. Bwana Viti akawa anainuka katikati ya chakula, anazunguka, hajui anatafuta nini. Kazini alimchoma mgonjwa ganzi upande usiouma.

Mama naye akabadilika. Alianza kukaa kwenye ncha ya kiti, mbele kabisa, kama aliyebanwa.

"Egemea, mama," mkwewe alimwambia. "Utachoka."

"Kuna mtu nyuma yangu," mama alinong'ona. "Amesimama. Ananihemea kisogoni. Mwambie mumeo amtafutie pa kukaa."

Wakatazama. Ukuta tu. Mke akapitisha mkono nyuma ya kiti, kisogoni pa mama. Palikuwa na joto.

Tangu hapo mama aligoma kuinuka. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akabembeleza, akaondoka akitikisa kichwa. "Nikiinuka atakaa," mama alisema, "na huyu akikaa hainuki." Alilala palepale, ameng'ang'ania mikono ya kiti. Miguu ikavimba. Nyonga ikaanza kukakamaa. Yale matumaini yote ya kurudi kwake, kuku na majirani, yakawa yanayeyuka mbele ya macho ya mwanawe, na sababu yake ilikuwa kiti alichokiiba mwenyewe. Alilijua hilo. 

Mjane alipiga simu asubuhi moja, kliniki ikiwa na watu.

"Daktari," alisema, "umeniachia kiti kitupu."

Bwana Viti akafunga mlango wagonjwa wasisikie.

"Kizuri. Ila hakina mtu. Ulipokitoa chake, aliinuka. Umemwacha amesimama, mwanangu. Kila mchana nikisikiliza, hayupo hapa. Yuko huko?"

"Yuko," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Mrudishie kiti chake. Ila niambie kweli. Kuna mtu amekikalia?"

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Wizi ulishajulikana na bibi hakukasirika. Lakini Bwana Viti aliona haya kusema kwamba alikiiba ili amkalishe mama yake, asije mama naye akaingizwa kwenye wizi. Akataka kumwepusha.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

"Afadhali," bibi akajibu, na akashusha pumzi ndefu. "Basi kilete."

Kumtoa mama kwenye kiti ilikuwa kazi ya kusikitisha. Alilia. Mama mtu mzima, aliyezika mume bila kuonyesha machozi hadharani, alilia kama aliyenyang'anywa mtoto. "Usikitoe," alisema. "Chukua vyote, hiki niachie." Mwanawe alimfungua vidole kimoja kimoja, mkewe akageukia ukutani asione. Wakamlaza. Kiti kilitoka mlangoni kikiwa chepesi kabisa, na njia nzima, ndani ya gari, Bwana Viti alihisi kiti cha abiria kando yake kina mtu asiyetulia, anayesogea huku na huku.

Kwa mjane, alipovuka kizingiti tu, mikono ikamwanguka kwa uzito. Alikiburuta mpaka kichwani pa meza, ambako bibi alikuwa ameshaiondoa nakala. Kamba ikalia, kikalio kikashuka taratibu. Kisha nyumba ile ikanyamaza, kimya cha mtu aliyevua viatu baada ya safari.

Bibi alisimama kando, akapapasa ukingo wa kikalio. Akapapasa tena mbele, pale kwenye ncha. Uso wake ukabadilika.

"Hapa pana joto la mtu mwingine," alisema. "Nani?"

Hapo ndipo Bwana Viti aliposema kweli. Alisema yote, nyonga, mazoezi, kuku, kila kitu, na machozi yakamtoka mbele ya mtu aliyemwibia.

Bibi aliuondoa mkono kwenye kikalio. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Aliyekipenda hivyo, kiti ni chake naye, na akikikosa hana pa kukaa. Ungeniletea hapa mama yako pamoja na kiti, ningemwomba mume wangu, tungesemezana naye, pengine angemwachia. Sasa mume wangu ameshakaa. Hainuki."

"Nifanye nini?"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Nenda upesi."

Alimkuta mama yake amesimama katikati ya chumba cha kulia. Bila fimbo. Wima, mikono imening'inia. Mkewe alikuwa pembeni, amemwekea mama mto, stuli, kiti cha plastiki kutoka kwa jirani.

"Aliamka mwenyewe," mke alinong'ona. "Alitembea mwenyewe."

"Mama, umepona," Bwana Viti alisema, akijua kwamba anasema uongo. "Kaa, mama. Kaa upumzike."

Mama alivitazama vile viti, kimoja baada ya kingine. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu tu, uchovu mkubwa.

"Nikae wapi, baba?" aliuliza. "Changu si umekipeleka?"

Walimlaza, akasimama. Daktari wa hospitali akampa dawa ya usingizi, akalala macho wazi, asubuhi wakamkuta wima kando ya meza. Alikula amesimama. Alizungumza habari za kuku wake, kwa akili timamu, amesimama. Nyonga ile iliyounganishwa kwa chuma haikuwa ya kubeba mzigo huo, na wote walijua. Siku iliposhindwa, alianguka mikononi mwa mwanawe, naye akamshikilia sakafuni mpaka pumzi ikakata. Hata hapo miguu ilikuwa imenyooka. Walimzika vizuri, na watu walikuwa wengi.

Viti vyote viliondoka nyumbani, hata ile stuli yenye pasipoti. Wakanunua sofa ya kawaida, nene, ya bei ya kawaida. Sakafu yao ni ya saruji, hupakwa dawa nyekundu na kusuguliwa mpaka ing'ae. Juma la kwanza baada ya matanga, mke alipokuwa akisugua, aliona alama mbili karibu na meza, mahali ambapo dawa haishiki. Nyayo mbili ndogo, sambamba, za mtu aliyesimama. Akapaka tena. Haikushika.

Juma lililofuata pale mezani dawa ilishika vizuri. Nyayo zilikuwa mbele ya sofa. Kisha ukumbini. Kisha jikoni, karibu na dirisha, zimegeukia nje. Haziongezeki, zinahama tu.

Bwana Viti sasa amekonda, na wagonjwa wake wanasema hafanyi tena mzaha. Nyumbani hula wima, sahani mkononi, mgongo ukutani. Juzi mkewe alimshika mkono, akamwomba kwa machozi akae naye kwenye sofa, hata kidogo, angalau amalize chai yake.

"Nitakaaje," alimjibu polepole, akitazama sakafu, "na mama amesimama?"