Mara Sita ya Mfagiaji

"Mara sita tu! Yaani mshahara wangu umefungwa kwenye ufagio wa mama yako!"

Meneja alisema huku akicheka, lakini Lebo, mchumba wake, alikijua kicheko hicho. Hakikuwa na furaha ndani yake. Walikuwa wameketi kwenye ngazi za ghala wakati wa mapumziko ya mchana, maboksi ya sabuni yamewazunguka.

Kiwanda kilikuwa cha ushirika, mali ya wafanyakazi wenyewe. Waanzilishi walikiwekea kanuni moja: wa juu kabisa asilipwe zaidi ya mara sita ya wa chini kabisa. Wa chini kabisa walikuwa wafagiaji, na kiongozi wao alikuwa Mama Lebo, mama mzazi wa huyu binti aliyepewa jina kwa kubandika lebo tangu usichana wake. Meneja akitaka nyongeza, ilibidi kwanza amwongeze mama mkwe wake mtarajiwa.

"Kwani tumbo lako ni kubwa mara ngapi?" Lebo alimtania.

"Usinichekeshe. Kiwanda cha mafuta wameniita tena. Kule meneja analipwa mara arobaini, mpenzi. Arobaini! Ila ni mji mwingine."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyenifanya niwe hapa mpaka leo. Kesho mkutano ukiiondoa hiyo kanuni, nabaki, tunafunga ndoa, na mama hatashika ufagio tena maishani mwake. Isipoondolewa, naenda. Miaka mitano naitwa bwana harusi mtarajiwa. Nimechoka."

Jioni Lebo alimkuta mama yake akimenya viazi.

"Mama, kesho utakaa au utasimama?"

Pale kiwandani hakukuwa na kura ya siri. Waliotaka mabadiliko walisimama, waliokataa walikaa, na kila mtu alimwona mwenzake.

"Nitakaa. Miguu yangu ina haki ya kupumzika," mama alisema, kisha akaacha kumenya. "Simchukii mkwe, mwanangu. Lakini mtu akipanda mlima mmefungwa kamba moja, lazima akuvute. Kamba ikikatwa, yeye atafika kileleni na wewe utabaki ukitazama visigino vyake."

Simu ya Lebo ikalia. Ujumbe wa Meneja ulikuwa mfupi: "Kesho sitamtazama mtu mwingine. Nitakutazama wewe tu."

Mkutano ulifanyika uani, watu kwenye mabenchi. Meneja alieleza kwamba wataalamu wanakimbia, kwamba mzuri hapatikani kwa bei ya mbovu. Fundi wa boila akanyoosha mkono.

"Anayetaka kulipwa mara arobaini, basi atoke jasho mara arobaini tumwone! Mimi naye tukikaa kwenye boila, nani anayeyeyuka?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza.

"Utani kando. Wanaotaka ukomo wa mshahara uondolewe, wasimame."

Watu wa ofisini walisimama. Wafungashaji wakakaa, wafagiaji wakakaa. Lebo aliinua macho, akakuta macho ya Meneja yakimsubiri. Hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa ya mtu anayeomba asiachwe. Akasimama.

"Ala!" sauti ikatoka nyuma. "Kumbe mahari imeshaliwa!"

"Mwacheni mke wa bosi! Kesho atatubandika lebo sisi!"

Kicheko kikapasuka uani. Lebo alihisi uso unawaka. Alitaka kukaa, lakini Meneja alikuwa bado anamtazama. Hapo benchi likalia, na mama yake akasimama kando yake.

"Mama, kaa," alinong'ona. "Wewe hutaki."

"Nyamaza. Sijakuzaa uje uchekwe peke yako."

Wafagiaji walipomwona kiongozi wao kasimama, walidhani lipo jambo analolijua. Wakasimama mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kuuliza. Wafungashaji kadhaa wakawafuata. Mwenyekiti alihesabu mara mbili.

"Ukomo umeondolewa."

Meneja alimkumbatia Lebo mbele ya watu. Mshahara wake ulipanda, na wa maofisa wenzake ukafuata. Haikuchukua muda, ikatangazwa kwamba usafi utafanywa na kampuni ya nje, na wafagiaji wote warudishe sare zao.

Lebo alimpigia Meneja simu akiwa bado kazini, mikono imejaa gundi.

"Umemfukuza mama yangu?"

"Siyo mimi, mpenzi. Bodi. Gharama zimepanda."

"Gharama gani?"



"Za uongozi," alisema. "Lakini si nilikuahidi kwamba hatashika ufagio tena? Nitamtunza mimi mwenyewe, kila mwezi."

"Mama hajawahi kuomba hata kiberiti kwa jirani."

"Sasa kuomba kunatoka wapi? Mimi si mkwewe?"

Alisema kwa upole. Aliamini kweli kwamba ametoa zawadi, na hilo ndilo lililomvunja Lebo moyo.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa kitandani, sare magotini.

"Namwacha, mama. Leo hii hii."

"Humwachi."

"Mama!"

"Nisikilize. Wenzangu wote hawana kazi kwa sababu mimi nilisimama. Wananipita njiani hawanisalimu, na wana haki. Niliposimama sikumfuata Meneja, nilikufuata wewe. Sasa ukimwacha, nitawaambia nini? Kwamba nilisimama kwa ajili ya nani?"

Simu ikaita. Jina lilikuwa la Meneja.

"Pokea," mama alisema.

"Mpenzi, umeshaongea naye? Vipi, amefurahi kupumzika?"

Lebo alimtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Amefurahi."

"Nilijua tu! Basi Jumamosi tukaangalie ukumbi. Mkubwa safari hii, siyo ule mdogo tuliouangalia mwanzo."

"Sawa."

"Mbona sauti imepoa? Unanipenda lakini?"

"Nakupenda," Lebo alisema, na lililomuumiza zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Alipokata simu, mama alikuwa ameshainuka, ndoo mkononi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kufua. Wamesema tuzirudishe zikiwa safi."