Mkono wa Dobi Usioungua

Dobi alinusa nyama ikiungua, akamuuliza mkewe leo kuna sherehe gani. Mkewe akageuka na shuka mkononi, akatazama meza ya pasi, akamwambia polepole ainue mkono. Mgongo wa mkono ulikuwa umeegemea pasi ya moto.

Hakuumia, na hapo ndipo penye kasoro. Kwa miezi alijigamba kwa wateja kwamba mkono wake hauungui. Kumbe mtu huweza kuvaa ugonjwa kama cheo.

Kwenye zahanati, mama tabibu aliona baka lililopauka hadi kwenye kiwiko. Akamwambia afumbe macho, aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa na pamba. Shingoni akaonyesha. Begani akaonyesha. Kwenye baka, kimya.

"Pamba siisikii," dobi akanong'ona. "Ila mama, mbona huo mkono wako mwingine ulionishika hapo una vidole vya baridi hivyo?"

"Mwingine umeshika kalamu, mwanangu."

Tabibu akaandika: ukoma. Akamweleza kwamba unapona, dawa ni mwaka mzima bila kuruka siku, ila ganzi huenda ikabaki, kwa hiyo aukague mkono kila jioni. Habari ya vidole vya baridi hakuiandika. Fomu haikuwa na nafasi yake.

Dobi akameza vidonge, na vidole vile vikaendelea kumshika, kwenye beseni, mezani, akifunga vifungo vya shati, vikikaza kadiri baka lilivyofifia, kama mpangaji anayefukuzwa akang'ang'ania mwimo wa mlango, hata dobi akavizoea na kuvitaja kama mtu anavyomtaja shemeji aliyekuja wiki moja akahamia, na mazoea hayo ndiyo yaliyomtia mkewe hofu kuliko vidole vyenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili wa dawa, akikamua taulo, vikamwachia. Hakujua acheke au alie. Akaendelea kukamua.

Siku ya kumaliza dawa, tabibu akasema amepona. Akataka kumpima na mke, maana wote wa nyumba moja hupimwa. Dobi akasimama mlangoni, akiwaza: mkono wake angeutoa tena, mradi mke awe salama. Ngozi ilikuwa safi. Mke alifumba macho, na kila pamba ilipogusa, akaonyesha.

Dobi akashusha pumzi.

"Baba watoto," mke akasema, macho bado kayafumba, "niachie bega. Una mkono wa baridi."

Tabibu akaiweka pamba mezani, akainua mikono yake yote miwili, dobi aione.