Roho Haiitwi kwa Jina Lisilo Lake

Kila asubuhi Hermelinda alichemsha mitishamba, akaitia kwenye mkokoteni na kwenda kuiuza barabarani. Mwanawe, Yuliza, aliteremka naye ngazi ndefu za mlimani, akielekea saluni. Zamani njia nzima ilikuwa vicheko. Siku hizi Yuliza alikohoa tu.

Yuliza alipozaliwa aliitwa Wilfredo. Lakini tangu utotoni alijijua kuwa ni msichana, na mtaa wote ulishazoea kumwita Yuliza. Aliyekataa ni mama yake.

"Jina la ubatizo halifutiki," alisema.

Alimpenda mwanawe, lakini kwa hilo alikuwa mgumu kama jiwe.

"Si uende zahanati?" alimwuliza siku moja.

"Nilikwenda, mama. Muuguzi akapaza sauti, 'Wilfredo Poma!' Nikasimama na sketi yangu. Benchi zima likaangua kicheko. Nikaondoka."

"Ungevumilia tu."

"Wewe ungevumilia?"

Hermelinda aligeukia sufuria yake. Moyoni alisema: mtoto ameshtuka, roho yake imetoroka. Kijijini kwao, kwenye milima ya mbali alikozaliwa, roho iliyotoroka huitwa irudi. Basi jioni alimsugua Yuliza mwili kwa yai bichi ili litoe mshtuko, kisha akasimama mlangoni akipunga shati la zamani la shule la mwanawe.

"Wilfredo, njoo! Rudi nyumbani, Wilfredo!"

Akaita hivyo wiki baada ya wiki. Yuliza akazidi kukonda. Shuka zake zililowa jasho. Mwishowe akakohoa damu.

Zoraida, jirani yao, alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Aliposikia ule wito alikuja na kandambili zake.

"Jirani, unamwita nani?"

"Mwanangu."

"Mwanao yumo ndani, anaitwa Yuliza. Huyo Wilfredo utamwita mpaka ukauke koo, haji! Anakohoa tangu lini?"

"Tangu mvua za manyunyu."

"Masikini! Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe. Homa, jasho la usiku, kukonda, damu: hizo ni dalili za kifua kikuu. Dawa ni za bure, na mtu hupona."

"Watamcheka tena."

"Ndiyo maana wengi walio kama yeye hufika hospitali wamechelewa. Wanakimbia kicheko, ugonjwa unawafuata nyumbani. Nitazungumza na muuguzi kwanza. Jina la kitambulisho libaki kwenye faili, mdomoni aitwe Yuliza. Na wewe, jirani, uanze kumwita hivyo."

Kesho yake walikwenda wote watatu. Muuguzi alitoka, akatazama karatasi, akasita.

"Yuliza Poma," aliita.

Mtu mmoja akachekea kiganjani. Hermelinda akasimama.

"Ni binti yangu. Kuna la kuchekesha hapo?"

Aliyecheka akainamisha kichwa. Yuliza akamtazama mama yake, machozi yakamlenga. Hakuwahi kumsikia akisema "binti yangu".

Kilikuwa kifua kikuu kweli. Hermelinda naye akapimwa, akakutwa salama. Walifungua madirisha yaliyokuwa yakifungwa kwa kuogopa baridi. Yuliza alimeza dawa miezi sita bila kuruka siku, hata alipojisikia mzima. Muuguzi naye akazoea kuwauliza wagonjwa, "Nikuiteje?" Wenzake Yuliza wawili wa saluni wakapata ujasiri wa kwenda kupimwa.

Yuliza alipona. Lakini pafu moja lilikuwa limebaki na makovu.

"Mngekuja mapema..." daktari alisema, hakumalizia.

Hermelinda huimalizia sentensi hiyo kila siku. Maji yakimwagika hayazoleki. Anaukumbuka muda wote ule aliopunga shati, na binti yake akiwa nyuma yake kitandani, akimsikiliza akimwita mtu mwingine.

Jioni Yuliza hurudi kutoka kazini. Zamani alizipanda ngazi zile akiimba. Sasa hufika katikati, akashika ukuta, akatweta. Hermelinda husimama mlangoni, mikono mitupu.

"Yuliza! Njoo, binti yangu. Polepole."

"Nakuja, mama."

Na huja, ngazi moja moja.