Mapipa ya Mwaija

Stendi ya Korogwe ilikuwa imefurika, wauza machungwa wamebanana kwenye madirisha ya basi la Handeni. Sadala, mtanashati wa kupindukia, alikuwa na suruali nyeupe ya kwendea harusini. Ndipo dumu lilipommwagikia miguuni.

"Mungu wangu! Nini hiki?"

"Maji ya mkonge, kaka. Samahani jamani. Usijikune tu!" Mwenye dumu alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa dera la zambarau na mabuti ya mpira.

"Dada, mimi dereva wa trekta shamba la mkonge. Yananiwasha kila siku. Leo yamenifuata mpaka harusini?"

Msichana akacheka, na kicheko kile kikammaliza Sadala. Harusini hakwenda.

Msichana huyo, Mwaija, alikuwa mkemia, mzaliwa wa Misima kule Handeni, na maabara yake ilikuwa chumba cha kupanga pale Korogwe.

"Haya maji wanayoyamwaga kiwandani yana kitu ndani yake," alimweleza Sadala kwenye simu. "Ukikitoa, unakigeuza kuwa homoni za steroidi. Ndiyo dawa za pumu hizo, dawa za viungo vilivyovimba."

"Hebu sema tena steroidi."

"Ya nini?"

"Sauti yako inapendeza ukiisema."

"Nenda zako huko!" Lakini simu hakuikata.

Mapenzi yakakolea. Kila wiki Sadala alimletea maji mabichi ya mkonge, na Mwaija akayajaza kwenye mapipa yake. Siku moja akamwachia ufunguo, akaenda Misima kumwona mama yake.

"Niangalizie mapipa yangu, laazizi."

Sadala akayaangalia. Yametoa povu, yamevunda, hata mbuzi wa jirani wamehama. Maskini mpenzi wangu, yamemwozea, akawaza. Akamwaga yote, akasugua mapipa kwa mchanga na sabuni, akajaza maji mapya. Wahenga walisema wema usizidi uwezo, lakini Sadala hakuwa na habari.

Mwaija aliporudi alichungulia pipa, akakaa chini sakafuni.

"Tope liko wapi, Sadala?"

"Nimekusafishia, mpenzi! Yote mapya!"

"Lile tope ndiyo kazi yangu! Maji lazima yachache wiki nzima ndipo kile kitu kitue chini. Wafadhili wanakuja Alhamisi. Nitawaonyesha nini? Utafiti wangu umekwisha!" Machozi yakamtoka. "Nenda. Na usinipigie."

Sadala alipiga simu mara saba. Haikupokelewa hata moja. Jumanne, Sadala alilia juu ya trekta mchana kweupe, na wala hakuona haya. Macho yamejaa maji, akakata kona vibaya nyuma ya kiwanda, gurudumu likazama ukingoni mwa shimo ambamo maji ya mkonge yalikuwa yakituama miaka na miaka. Lilipoibuka liliibuka na tope zito la kijivu, na harufu ile ile ya kuvunda.

Sadala alizima injini, akachukua ndoo, akaruka ndani.

Alifika kwa Mwaija akiwa tope mpaka kiunoni, anawashwa mwili mzima.

"Najua ulisema nisipige simu. Leo sikupiga."

Mwaija aliichungulia ndoo, akaingia nayo ndani. Sadala akabaki kibarazani, anajikuna huku akimsikia akichemsha na kuchuja. Alasiri mlango ulifunguka kwa kishindo. Mwaija alishika kichupa chenye unga mweupe.

"Tope lako limejaa kile kitu, Sadala! Limelipita langu mara tatu! Waje hao wafadhili hata leo!"

Akamrukia shingoni na tope lake lote. Majirani wakatoka nje kutazama.

"Nisamehe mpenzi wangu," Sadala akasema. "Nilidhani nakusaidia."

"Nisamehe na mimi. Sikukueleza, halafu nikakufukuza." Akamtazama machoni. "Sasa watu wote hawa wameona. Habari zikimfikia baba Misima, utamwambia nini?"

"Nitamwambia shikamoo. Halafu nitamwambia mshenga wangu anakuja Jumapili."

Mwaija alimfuta tope shavuni kwa ncha ya mtandio wake mpya.

"Jumapili mbali," akasema. "Aje Ijumaa."